Bei ya Mshirika Aliyelala

Jambo lote lilitugharimu paundi kumi na tisa na girishi thelathini, girishi mia kwa paundi. Nimelihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa vidole na hasira, mara ya pili kwa kalamu, na halikupungua hata girishi moja. Ndani yake mna sukari na chai ya watu waliokuja kulia, mna hasara ya mbuzi ambaye hakuchinjwa, mna fungu la mama mdogo alipojitoa, na mna magunia mawili ya vitunguu. Mwalimu wetu wa biashara angesema fungu la mama mdogo si gharama, ni mtaji uliorudi kwa mwenyewe. Mama alilihesabu kuwa gharama, nami nafuata hesabu ya mama. Kaka yangu mkubwa sikumtia humo. Hatukuwahi kukubaliana aandikwe upande gani.

Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Uganda baada ya amani, miaka ile ya sabini, tukapata kibanda cha nyasi nyuma ya mtaa wa Buluk: mama, mdogo wake ambaye mimi humwita mama mdogo, mtoto wake mchanga, na mimi. Siku zile ungemjua mtu alikotoka kwa namna anavyouliza bei. Aliyebaki nchini wakati wa vita aliuliza kwa Kiarabu cha Juba, chinichini, kana kwamba bei inaweza kumshtaki. Sisi wa Uganda tuliuliza kwa sauti kubwa, kisha tukageukiana na kusema Kiswahili ili muuzaji asijue tumebeba kiasi gani. Mama na mdogo wake walikiokota Kiswahili chao kwa madereva wa malori na askari wa Gulu, kikiwa tayari kimevunjika mguu mmoja. Lakini kwa kupatana bei hakuna lugha iliyowatosha kama hiyo. Nyumbani tulisema Kibari, sokoni Kiarabu, na fedha zetu zilisema Kiswahili.

Nilikuwa kidato cha pili. Darasani tulikuwa wasichana watatu, na mmoja alikuwa ameshachumbiwa, kwa hiyo huwa nahesabu wawili na nusu. Mwalimu wa biashara na uchumi alikuwa kijana aliyesoma Kampala, mwembamba, mwenye suruali moja nzuri na kitabu kimoja. Mifano ya kitabu ilihusu Waingereza waliouziana makaa ya mawe na mikate. Makaa ya mawe hatukuwahi kuyaona, na mikate tuliiona mara chache kuliko tulivyopenda.

Nusu ya darasa tulisomeshwa Uganda kwa Kiingereza. Nusu nyingine walisomeshwa hapa kwa Kiarabu. Kiingereza kilipowashinda wengi, mwalimu aligeukia Kiswahili, sisi wa mbele tukakielewa, na mmoja wetu akageuka kuwafasiria wa nyuma kwa Kiarabu cha Juba. Neno likifika dawati la mwisho lilikuwa limeshabadili dini.

Siku hiyo alifika kwenye aina za washirika. Kuna mshirika anayetia mtaji na kufanya kazi. Na kuna mwingine anayetia mtaji tu. Dukani haonekani, gunia habebi, lakini faida ikigawanywa na yeye ana chake. Waingereza wana jina la usingizi wanalompa mtu huyo. Mwalimu alitazama mabati ya dari, akatafuta Kiswahili chake, ambacho nadhani alifundishwa na wapishi wa chuo, akaandika ubaoni: mshirika aliyelala.

Angeandika anayelala, huenda leo nisingekuwa na la kueleza. Anayelala ataamka. Aliyelala ni habari nyingine kwa watu waliokuwa kambini Uganda, ambako makabila yalikuwa mengi mno kuzikana kwa lugha ya mtu mmoja, tukawa tunazika kwa nyimbo za Kiswahili. Pale kaburini hatukusema amekufa. Tulisema amelala.

"Ya ustaz, de sunu?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma. Ni nini hiki?

"Ni baba yako baada ya chakula," akamjibu jirani yake. "Ila yeye mtaji hana."

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, akafuta ubao.

Alasiri hiyo nilikuta mama na mama mdogo uani wakichambua vitunguu, vigumu huku, laini kule. Vitunguu vilitoka kaskazini kwa mashua kubwa za mto, na baadhi vilikuwa vimeoza kabla ya kuiona Juba Port. Nilikuwa na desturi ya kuwasimulia masomo huku tukichambua. Mama alisema karo ameshalipa, kwa hiyo hana sababu ya mtoto mmoja tu kusikia. Nikawaeleza mshirika wa kazi, nikawaeleza mshirika aliyelala. Mama akaacha kuchambua.

"Huyo iko hai?" akauliza.

"Yu hai, mama. Ila kazi hafanyi."

"Na faida nakula?"

"Anakula. Mtaji ni wake."

"Basi ni yeye," mama akasema, akaokota kitunguu kingine.

Hakuna aliyeuliza yeye nani. Mtaji wa biashara yetu ulikuwa baiskeli ya kaka. Tulipokuwa tunaondoka Gulu, yeye alibaki kuuza simsim iliyokuwa bado shambani. Asubuhi ya kuondoka alikwenda na baiskeli akarudi kwa miguu. Aliiuza kwa shilingi mia tatu, bei ya kwanza aliyotajiwa. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia kaka mia tatu, anasema sawa. Ukimwambia shika kamba hii ya ng'ombe wangu, anaishika mpaka jioni na wewe umeshalewa. Mama alimgombeza akiwa ameshapanda lori: baiskeli ile ni ya mia nne, hata mia nne na ishirini, wewe mdomo wako hauna neno hapana? Naye akacheka, akampitishia zile noti juu ya ubavu wa lori, akasema atakuja na lori la pili. Mpakani zikawa paundi kumi na tatu, baada ya mbadilishaji kula chake.

Lori la pili lilikuja bila yeye. Tulimwuliza dereva, akatuhesabia abiria wake mmoja mmoja kana kwamba tunaweza kumtambua kaka kwenye idadi. Malori mengine yakaja. Uganda ya miaka ile mtu aliweza kutoka kununua chumvi, chumvi ikarudi na mtoto wa jirani. Baadaye madereva wakituona tunakaribia, walikumbuka kuna gurudumu upande wa pili linalotaka kuangaliwa.

Kwa hiyo biashara yetu ikawa ya watu watatu: mama, mama mdogo na kaka. Faida ilikatwa mafungu matatu, na kwa fungu la kaka mama alinunua gunia la peke yake. Sokoni alilitandikia kitambaa chake, akaweka nyuma yake kiti kidogo cha kamba, kama wanachokalia wauza chai. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Jua likisogea, mama alikisogeza kivulini.

Mama mdogo hakupenda. "Dada," alisema, "hilo neno la shule la mtoto mimi nalijua. Aliyelala ni aliyelala. Tulilie mtoto wetu tumalize."

"Wewe nasikia kanisa," mama akamjibu. "Mimi nasikia biashara."

Siwezi kusema ni siku gani mama alianza kumwuliza kaka bei. Nilikuja sokoni kutoka shule nikakuta mteja, mama mnene mwenye kikapu, anabisha juu ya rundo la vitunguu vya kaka. Girishi tano ni nyingi, anasema, chukua tatu. Vile vya mama mwenyewe vilikuwa hapohapo kando, na mama angekubali tatu, pengine na kimoja juu. Lakini kwa hivi alisema, "Hivi si vyangu. Nimwulize mwenyewe." Akageuza shingo kidogo kuelekea kile kiti, akanyamaza, macho chini, kwa muda ule hasa ambao mtu hungoja jibu. Kisha akamrudia mteja.

"Amekataa."

Mama mnene akatazama kiti. Akalipa tano.

Kama mbinu ya biashara, sijaona nyingine ya kulinganisha nayo, na nimeona nyingi. Asiyekuwepo huwezi kumbembeleza. Huwezi kumwambia una watoto, wala kujifanya unaondoka ili akuite. Vitunguu vya kaka vikawa vinauzika kwa bei ya juu kuliko vyetu. Wateja wengine walianza kukizungumzia kiti wenyewe: "Ya akhu, ndugu yangu, punguza kidogo, mimi mteja wako." Wengine walipita mbali. Mwuza chumvi aliyepakana nasi alihamisha mkeka wake hatua kadhaa, akasema ni kwa ajili ya upepo, na upepo siku hiyo haukuwako.

Nilicheka kama wengine. Lakini kilikuwa kiti kipya, na kamba zake zilianza kulegea katikati. Nilijiambia ni jua. Niliziangalia mara mbili. Jua hulegeza kamba zote, na hizi zilikuwa zimezama pale tu mtu anapokaa.

Siku moja mama alikwenda Rejaf kwa ndugu zake, nikaachwa na mauzo. Akaja askari, mtu mpole, akataka marundo mawili ya kaka kwa girishi nane. Nilitaka kumpa. Nane kwa marundo mawili ni bei nzuri, ningemwambia mama zilikuwa saba na kujifidia mwenyewe, maana binadamu ana mahitaji. Nikafungua kinywa niseme chukua. Nikajisikia nasema, "Amekataa." Shingo yangu ilikuwa imegeuka. Yule askari akaondoka, nami nikaketi na mikono yangu magotini mpaka soko likapungua watu.

Muhula huo mwalimu alifundisha namna ushirika unavyovunjika. Washirika wakipatana kuachana, mmoja akifilisika, mmoja akirukwa na akili, mmoja akifa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ikiwa haijulikani kama amekufa?"

"Mahakama hungoja."

"Mpaka lini?"

Akapekua. Kitabu kilitaja miaka saba, alisema, bila habari yoyote.

Nikaipeleka nyumbani miaka hiyo saba. Mama aliipokea kama mtu aliyeongezewa vitunguu vya bure juu ya rundo. Mama mdogo alikuwa anamkanda mtoto wake kwa kitambaa cha maji, kwa sababu mtoto alikuwa na homa inayokuja na kuondoka, na mama mdogo alishajua inatoka kwenye kiti gani.

"Mzungu anaweza kungoja miaka saba," alisema. "Kwake kuna baridi. Sisi hapa mtu asipoliliwa haraka anakuwa mpangaji. Nakaa, nakula, kodi halipi, na kumfukuza huwezi."

"Huyu nalipa," mama akasema. "Vitunguu yake ndiyo inalipa karo."

Hiyo ilikuwa kweli. Na karo ilikuwa yangu.

Baada ya hapo ikaja habari. Ilikuja kanisani, kwa mzee mmoja aliyetoka Gulu, na mama mdogo ndiye aliyeipata. Hakumwambia mama. Alingoja asubuhi mama alipokwenda Juba Port kupokea magunia, akachukua sukari na majani ya chai dukani kwa mkopo, kwa jina la biashara yetu, akaleta mbuzi kutoka Rejaf, na akawaita wanawake wa kanisa.

Nilirudi shule mchana nikakuta ua umejaa. Wamekaa chini, miguu imenyooshwa, vilemba vimefunguliwa, na kilio kimeshashika mwendo. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo anakula ukingo wa mkeka. Mama mdogo alinishika mkono. "Kaa, binti," akaniambia. "Lia kaka yako." Nikakaa. Machozi yalikuja upesi kuliko nilivyotarajia, kana kwamba nayo yalikuwa yamewekwa mahali na kungojewa.

Ndipo mama akaingia. Mbele yake mpagazi na mkokoteni, juu yake magunia. Akasimama. Kilio kikapungua pembeni kwanza, halafu katikati.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Wanawake wakamtazama mama mdogo.

"Nauliza. Mimi iko mwenye nyumba. Nani amekufa?"

"Dada," mama mdogo akasema, "mzee ametoka Gulu. Amemwona." Na akaisema ile habari mbele ya watu wote, kwa sauti isiyokuwa na kilio ndani yake. Lilikuja lori la askari sokoni Gulu. Waliwaambia vijana kuna kazi ya kupakia magunia, malipo papo hapo. Wengine walikataa, wakasema wana shughuli. Kaka aliambiwa panda. Akasema sawa, akapanda. Hakuna hata mmoja wa waliopanda aliyerudi.

Mama hakukaa chini. Alimlipa mpagazi, akampunguzia girishi moja kwa sababu gunia moja lilikuwa limechafuka, na mpagazi hakubisha. Kisha akaniita kwa kidole.

"Wewe iko nasoma. Simama. Waambie hawa mama. Mshirika aliyelala, iko hai ama amekufa?"

Nilisimama na uso wangu umelowa. Mama mdogo alinitazama. Wanawake walinitazama, na wengine wao walikuwa wamewazika wana wao kwa mikono. Nilijua anachouliza mama, nikajua pia kwamba anauliza kwa lugha ambayo ina jibu moja tu. Nikasema lililokuwa kitabuni.

"Yu hai. Akifa si mshirika tena."

"Mmesikia," mama akasema. "Kunyweni chai. Sukari iko nyingi, naona."

Wakanywa. Ungefanya nini? Wakafunga vilemba vyao, wakamshika mama mkono mmoja mmoja bila kusema pole, maana pole ingekuwa matusi, wakaenda. Chai na sukari: paundi nne na girishi thelathini, na nilimlipa mwenye duka mimi mwenyewe, baada ya kumwuliza kama kwa matanga ambayo hayakuwako hapunguzi kitu. Hakupunguza.

Mbuzi nilimrudisha Rejaf. Mwenyewe alimzunguka, akamtazama meno. "Huyu ameshaliliwa," akasema. "Nani atamnunua kwa harusi?" Alitaka kukata paundi nzima. Nikamwambia mbuzi hajui Kiswahili, hakusikia neno. Tukafika girishi hamsini.

Kesho yake mama mdogo alidai fungu lake. Hakupiga kelele. "Dada, mimi naogopa," alisema. "Si wewe. Mtoto wangu naumwa, na mimi siwezi kula meza moja na mtu hatujui yuko upande gani." Mali yote ilifika paundi ishirini na tano na nusu, theluthi yake ikawa nane na nusu. Mama alimpa, akahesabu mbele yake, akahesabu tena. Mama mdogo akamfunga mtoto mgongoni akaenda kulima Rejaf. Mtoto alipona. Mtoto yeyote wa homa ile angepona au asingepona, najua hivyo, lakini nasema ilivyokuwa.

Biashara ikabaki ya watu wawili, na mmoja wao hakuwa na mwili tulioweza kuuonyesha. Mama akamnunulia magunia mawili safari hiyo, kwa paundi sita. Nilimsikia akipanga vitunguu juu ya kitambaa, akisema polepole, si kwangu, "Sasa umejifunza. Vizuri. Kataa. Kila mtu akikuambia, kataa."

Maji ya mto yakapanda. Mashua zikaja nyingi kwa pamoja, vitunguu vikashushwa Juba Port mpaka watoto wakawa wanachezea. Wiki ile mwalimu alikuwa anachora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa wanaotaka kununua na mmoja wa wanaotaka kuuza. Bidhaa zikizidi, alisema, bei hushuka. Hakuna anayeamuru. Hushuka yenyewe, kama maji.

Na kweli ilishuka. Tano ikawa nne, nne ikawa tatu, soko zima likaishia mbili. Mama alishusha vyake siku ileile, hakuwa mtu wa kubishana na mto. Vya kaka vilibaki tano. Kitambaa kwa kitambaa, kitunguu kilekile, safari ileile, hapa mbili na pale tano, na mwenye kuuza ni mmoja.

"Mama Vitunguu, leo hata yeye lazima apunguze," wateja walisema.

Mama aligeuza shingo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko zamani. Midomo yake ilitikisika. Nilisogea nikasikia, na haikuwa tena ile mbinu. Alikuwa anabembeleza. "Mwanangu, soko limeanguka. Hii si ile. Hii ni vitunguu tu. Sema sawa." Kisha akamrudia mteja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa kwa haki.

"Amekataa."

Nilinyoosha mkono darasani. "Mwalimu, akitokea muuzaji mmoja anayekataa kushuka?"

"Atabaki na bidhaa zake mpaka soko limfundishe."

"Na asiyeweza kufundishwa?"

"Huyo muulize mama yake," alisema, na darasa likacheka, na mwalimu hakujua kwa nini mimi nilikaa haraka namna ile.

Vitunguu vilianza kuota majani ya kijani, halafu vikalainika, halafu maji yakatoka chini ya gunia, membamba, ya kahawia. Nilimwambia mama tuvitupe. Nilimwambia niuze mimi, yeye aende nyumbani. Akaniuliza kama nina ruhusa ya mwenyewe. Nilitaka kusema hakuna mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshasimama uani mbele ya watu wote nikasema yupo.

Ilikuwa mchana, wakati wa mapumziko. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha darasa anasahihisha madaftari, nasi tukiwa chini ya ukuta tunasoma. Harufu ilifika kabla yake. Vijana wakaanza kuziba pua na kusukumana. Nikainua macho nikamwona mama anavuka uwanja wa shule kwa mara ya kwanza tangu aniandikishe, amejitwisha beseni, amevaa nguo yake ya kanisani. Alilitua beseni mbele ya mwalimu. Mle ndani hakikuwamo kitunguu hata kimoja kizima.

"Salaam, ustaz."

Mwalimu alisimama. "Salaam, mama. Karibu, kaa." Akamsogezea kiti chake.

Mama alikitazama kile kiti, hakukaa. Mimi nilisimama, nikakaribia, kisha nikabaki pale nilipofika, kwa sababu alinyoosha kiganja kunizuia. Hakutaka mfasiri. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu bila kwanza kujifanya hakihitaji.

"Ustaz, mimi sikusoma," alisema. "Bei ya sokoni najua yote, hiyo hapana shida. Shida iko kijana yangu. Zamani alikuwa nakubali kila kitu, kila mtu, sasa naogopa kukubali. Mimi iko namwambia kila siku, hapa ni Juba, hakuna lori, hakuna askari, hawa ni wamama tu nataka mboga. Anakataa. Na mimi nimechoka kumwuliza. Wewe vijana wengi iko napita mkononi mwako, wagumu na walaini. Nipe shauri, ustaz. Mama anasema neno gani, ndiyo mtoto wake akubali tena?"